Kadi ya Malipo ya Kabla na Kadi ya Mkopo: Mwongozo Kamili wa Kuzitofautisha, Kuchagua na Kuzitumia

Kadi mbili zinaweza kubeba nembo ileile ya Visa au Mastercard, zikawa na tarakimu 16, tarehe ya kuisha muda na namba tatu za usalama mgongoni, na bado zikawa vitu viwili tofauti kabisa mbele ya sheria, mbele ya benki na mbele ya mfuko wa mwenye kadi. Kadi ya malipo ya kabla hutumia fedha ambazo mwenyewe alikwisha kuziweka, kama mita ya LUKU inavyotoa umeme kwa kadiri ya kilichonunuliwa na kukata pale uniti zinapokwisha. Kadi ya mkopo hutumia fedha za benki, na mwenye kadi hudaiwa baadaye.

Swali la nani ametangulia kutoa fedha ndilo linaloamua karibu kila jambo litakalokukuta baadaye: ada utakazolipa, nani ataumia wizi ukitokea, kama hoteli itakupokea, na kama miaka miwili ijayo benki itakuwa na rekodi yoyote ya kukuamini. Hatua zifuatazo zinaanzia kwenye kuitambua kadi na kuishia kwenye kuifunga. Mwenye haraka anaweza kuruka nyingine, lakini hatua ya pili, ya nne na ya tano ndizo zenye hasara kubwa kwa asiyezijua.

Hatua ya kwanza: Tambua kadi unayoishika ni ya aina gani

Watu wengi huita kila kadi yenye nembo ya kimataifa kadi ya mkopo, na hapo ndipo mkanganyiko huanzia. Kadi ya kawaida ya ATM uliyopewa ulipofungua akaunti ya akiba si ya mkopo wala si ya malipo ya kabla. Imefungamana moja kwa moja na akaunti, na kila unapolipa, akaunti hiyo hupungua. Kadi ya malipo ya kabla haihitaji akaunti ya benki nyuma yake. Ina mfuko wake yenyewe, na mfuko huo hujazwa kwenye tawi, kwa wakala, kwa simu au na mwajiri. Kadi ya mkopo ina kikomo ambacho benki imekiweka baada ya kupima kipato chako, na unapoitumia unakopa ndani ya kikomo hicho.

Zipo pia kadi za malipo ya kabla zinazofanya kazi ndani ya uzio mmoja tu. N-Card inayotumika kulipia kivuko cha Kigamboni na viingilio vya uwanjani jijini Dar es Salaam ni ya namna hiyo, kama ilivyo Tap&Go ya mabasi ya Kigali. Mwaka 2013 Nairobi ilipata BebaPay, kadi ya nauli za matatu iliyoletwa na Google pamoja na Equity Bank, ambayo haikudumu. Kadi hizi hazikusaidii kununua kitu mtandaoni. Ukitaka kadi ya malipo ya kabla itakayokubalika Istanbul au kwenye tovuti ya chuo cha nje, lazima iwe na nembo ya mtandao wa kimataifa.

Kadi haihitaji kuwa ya plastiki. Mwezi Juni 2022 Safaricom na Visa zilizindua nchini Kenya M-Pesa GlobalPay, kadi isiyoshikika ambayo huishi ndani ya simu na kuchota fedha kwenye salio la M-Pesa la mteja. Kwa tabia yake iko upande wa malipo ya kabla, kwa kuwa kisichokuwamo kwenye salio hakilipiki.

Aina inayowapotosha hata wafanyakazi wa benki ni kadi ya mkopo yenye dhamana ya fedha taslimu. Mteja asiye na historia ya mikopo huambiwa aweke amana, tuseme shilingi milioni mbili, nayo benki huifungia na kumpa kadi yenye kikomo kinachokaribia kiasi hicho. Kwa kuwa mteja ametoa fedha kwanza, wengi hudhani wamepata kadi ya malipo ya kabla. Sivyo. Ile amana haiguswi unaponunua. Unakopa fedha za benki kama mkopaji mwingine yeyote, riba inahesabiwa, tarehe ya mwisho ya kulipa ipo, na usipolipa benki hukata kwenye amana yako. Soma mkataba utafute maneno mawili: riba na kikomo. Yakiwemo, hiyo ni kadi ya mkopo, hata kama umeiwekea dhamana ya asilimia mia.

Usidhani kwamba muuzaji hatajua. Tarakimu ya kwanza ya kadi ya Visa ni 4, ya Mastercard ni 5 au 2, na zile sita au nane za mwanzo humtaja mtoaji, yaani benki au kampuni iliyoitoa kadi, pamoja na aina ya kadi. Mfumo wa hoteli au wa kampuni ya magari ya kukodi huzisoma mara moja, na kama kampuni haipokei kadi za malipo ya kabla, itaikataa yako hata ikiwa na salio la kutosha.

Hatua ya pili: Hesabu gharama kwa matumizi yako mwenyewe

Bango la benki halikusaidii hapa. Omba orodha kamili ya ada, kisha chukua karatasi na uandike mwezi wako ulivyo: utajaza mara ngapi, utalipa mara ngapi, utatoa fedha taslimu au hapana.

Kadi ya malipo ya kabla huwa na ada ya kuinunua, ada ya kila mwezi, ada ya kujaza, ada ya kutoa fedha kwenye ATM, wakati mwingine ada ya kuangalia salio, ada ya kubadili fedha za kigeni, na ada inayosahaulika kuliko zote: ile inayokatwa kadi ikikaa muda mrefu bila kutumika. Hakuna riba, lakini kukosekana kwa riba hakumaanishi kwamba ni rahisi. Chukua mfano wa kadi inayotoza shilingi 5,000 kwa mwezi na asilimia 2 ya kila kinachojazwa. Mtu anayejaza 50,000 kwa mwezi atalipa 5,000 na 1,000, yaani 6,000, ambayo ni asilimia 12 ya fedha zake. Anayejaza 1,000,000 atalipa 25,000, yaani asilimia 2.5. Kadi ileile inamkamua mwenye matumizi madogo kuliko mwenye matumizi makubwa, na kwa bahati mbaya wenye matumizi madogo ndio hasa wanaouziwa kadi hizi kwa maneno matamu. Kama matumizi yako ni madogo, tafuta kadi isiyo na ada ya mwezi, hata kama ada yake ya kujaza iko juu kidogo.

Kadi ya mkopo ina ada ya mwaka, faini ya kuchelewa, faini ya kuvuka kikomo, na riba. Riba haianzi siku unayonunua, mradi ulipe deni lote kwa wakati. Tuseme benki hufunga hesabu yako tarehe 25 ya kila mwezi na kutaka malipo kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ulichonunua tarehe 26 Machi kitaonekana kwenye taarifa ya 25 Aprili na kulipwa 15 Mei, kwa hiyo umetumia fedha za benki siku 50 bila riba. Ulichonunua tarehe 24 Machi kitadaiwa 15 Aprili, siku 22 tu baadaye. Mwenye nidhamu anayejua tarehe yake ya kufungwa hesabu hupata mkopo wa bure kila mwezi, nayo benki inalijua hilo na inalivumilia kwa sababu wateja wengi hawana nidhamu hiyo.

Asiye na nidhamu hulipa kiwango cha chini, ambacho taarifa humwandikia kwa herufi za kupendeza. Chukua deni la shilingi 1,000,000, riba ya asilimia 3 kwa mwezi, na kiwango cha chini cha asilimia 5 ya deni. Mwezi wa kwanza atalipa 50,000; kati ya hizo 30,000 ni riba, na deni litapungua kwa 20,000 peke yake. Akiendelea hivyo mwaka mzima bila kununua kitu kingine chochote, atakuwa amelipa takriban 538,000, na bado atadaiwa takriban 785,000. Shilingi 323,000 hivi zimekwenda kwenye riba. Kuna jingine lisiloandikwa kwa herufi kubwa: katika kadi nyingi, ukibakiza sehemu ya deni, unapoteza ule muda usio na riba hata kwa manunuzi mapya, nayo huanza kutozwa riba tangu siku ya kwanza.

Kutoa fedha taslimu kwenye ATM kwa kadi ya mkopo ni kosa la gharama kubwa. Kwa kawaida hutozwa ada papo hapo, na riba huanza siku hiyohiyo bila muda wa neema. Ukihitaji noti, tumia kadi ya kawaida ya ATM au ya malipo ya kabla.

Kwa Waislamu wanaojiepusha na riba, hesabu hii ina upande mwingine. Kadi ya malipo ya kabla haina mkopo, kwa hiyo haina riba ya mkopo. Benki za Kiislamu, hasa za Ghuba, hutoa pia kadi zilizojengwa juu ya ada maalumu badala ya riba. Anayeitaka kadi ya namna hiyo aulize ada hiyo inahesabiwaje, na kama hupanda kufuatana na ukubwa wa deni au na muda wa kuchelewa, kabla ya kuridhika na jina lililoandikwa juu yake.

Hatua ya tatu: Linganisha kadi na kazi, usiilinganishe na heshima

Kwa manunuzi madogo ya mtandaoni, malipo ya kila mwezi ya programu na filamu, ada ya mtihani wa nje, au fedha za matumizi za mtoto aliye chuoni, kadi ya malipo ya kabla inatosha na ni salama zaidi, kwa kuwa mwizi wa namba hawezi kuchukua zaidi ya salio lililomo. Mzazi aliyeko Arusha anaweza kumjazia mwanawe aliyeko Bangalore kiasi cha mwezi na kulala bila wasiwasi wa deni.

Kwa gari la kukodi, dhamana ya hoteli, tiketi ya ndege iliyonunuliwa miezi kadhaa kabla ya safari, au kifaa cha bei kubwa kutoka kwa muuzaji usiyemjua, kadi ya mkopo hukutumikia vizuri zaidi, kwa sababu zinazoelezwa katika hatua mbili zinazofuata. Kuwa na zote mbili kwa kazi tofauti ni jambo la busara. Kuwa na kadi ya mkopo ili kuziba pengo la mshahara kila mwezi si busara, na kadi ya malipo ya kabla haitakupa mwanya huo hata ukiutaka.

Ndugu zetu walioko Ghuba wanaijua sura nyingine ya kadi ya malipo ya kabla. Tangu Umoja wa Falme za Kiarabu ulipoanzisha mfumo wa kulinda mishahara mwaka 2009, waajiri wanatakiwa kulipa kupitia njia zinazofuatilika, na wafanyakazi wengi wasio na akaunti za benki hupokea mshahara kwenye kadi ya kujazwa. Kadi hiyo ni ya malipo ya kabla, ila anayejaza ni mwajiri. Mfanyakazi aulize mapema mambo matatu: anaruhusiwa kutoa fedha mara ngapi kwa mwezi bila ada, kadi itakuwaje mkataba ukivunjika, na namba ya siri anaiwekaje yeye mwenyewe. Kadi ya mshahara inayoshikwa na msimamizi au tajiri wa nyumba haimsaidii anayefanya kazi.

Hatua ya nne: Elewa fedha zinazozuiliwa kabla ya kusafiri

Hoteli, kampuni za magari na vituo vya mafuta vya kujihudumia havikati bei kamili mwanzoni. Huiomba benki izuie kiasi fulani kwanza, kisha hukata hesabu halisi baadaye. Kwenye kadi ya mkopo, kinachozuiliwa ni sehemu ya kikomo, na mfuko wako haujaguswa. Kwenye kadi ya malipo ya kabla, kinachozuiliwa ni fedha zako halisi.

Tuseme umechukua chumba cha dola 120 kwa usiku, kwa siku nne, na hoteli inataka dhamana ya dola 50 kwa kila usiku. Siku ya kufika itazuia dola 680. Kama kadi yako ya malipo ya kabla ilikuwa na dola 700, umebakiwa na 20 za kulia chakula mjini. Mwenye kadi ya mkopo yenye kikomo cha dola 2,000 bado ana 1,320. Mambo huwa mabaya zaidi siku ya kuondoka, kwa sababu baadhi ya hoteli hukata malipo ya mwisho kama muamala mpya badala ya kukamilisha ule wa mwanzo: mfumo unatafuta dola 480 nyingine, haupati, na kadi inakataliwa mbele ya foleni ilhali fedha zako zipo, zimefungwa tu. Zuio la kwanza linaweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa, na mara nyingine wiki kadhaa.

Fanya hivi. Piga simu au andika barua pepe hotelini kabla ya safari, uulize kama wanapokea kadi ya malipo ya kabla na wanazuia kiasi gani. Ukiwa huna kadi nyingine, omba kulipa chumba chote siku ya kufika na kuweka dhamana kwa fedha taslimu. Siku ya kuondoka, omba malipo yakamilishwe kwenye idhini ileile ya mwanzo, yaani ile iliyozuia fedha siku ya kufika, na chukua karatasi yenye namba ya idhini hiyo. Bila namba hiyo, benki yako itakuwa na kazi ngumu ya kuliondoa zuio. Kwa wanaoendesha magari Marekani, ingia ndani ya kituo ulipie kiasi mahususi cha mafuta kwa mhudumu badala ya kuchomeka kadi kwenye pampu, kwa kuwa pampu haijui utajaza kiasi gani na huweza kuzuia fedha nyingi kuliko mafuta utakayochukua.

Hatua ya tano: Jua nani anaumia fedha zikipotea

Hapa tofauti ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Visa na Mastercard zina utaratibu wa kurudisha malipo yenye mgogoro, nao unahusu kadi za aina zote mbili: bidhaa isiyofika, muamala usiouidhinisha, kiasi kilichokatwa mara mbili. Muda wa kulalamika mara nyingi ni siku 120, ingawa benki yako inaweza kutaka taarifa mapema zaidi. Lakini wakati mgogoro unaendelea, mwenye kadi ya mkopo anabishania fedha za benki, na mwenye kadi ya malipo ya kabla anabishania fedha ambazo zimekwisha kutoka mfukoni mwake. Benki iliyopoteza fedha zake hufuatilia kwa ari ambayo huioni inapofuatilia zako.

Sheria za nchi huongeza tofauti hiyo. Nchini Uingereza, kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974 humfanya mtoaji wa kadi ya mkopo awajibike pamoja na muuzaji kwa kitu chenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000. Ulinzi huo hauihusu kadi ya malipo ya kabla. Nchini Marekani, sheria inaweka dola 50 kuwa hasara ya juu kabisa ya mwenye kadi ya mkopo kwa matumizi asiyoyaidhinisha. Kadi za malipo ya kabla zilikaa nje ya kinga nyingi hadi kanuni mpya zilipoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2019, na hata chini ya kanuni hizo anayetaka kinga kamili anatakiwa awe amesajili kadi kwa jina lake.

Kuna hatari nyingine ambayo mwenye kadi ya mkopo hana: mtoaji kukwama na fedha zako. Oktoba 2015 nchini Marekani, mabadiliko ya mfumo yaliwaacha maelfu ya wateja wa kadi ya RushCard bila kufikia fedha zao kwa siku kadhaa, wakiwemo waliopokea mishahara kwenye kadi hiyo. Mwaka 2017 mamlaka ya kulinda walaji ilizitaka RushCard na Mastercard kuwalipa wateja fidia ya dola milioni 10. Juni 2020, kampuni ya Wirecard ya Ujerumani ilipoanguka kwa kashfa ya hesabu, msimamizi wa sekta ya fedha wa Uingereza alisimamisha kwa siku chache tawi lake lililotoa kadi, na wateja wa bidhaa mbalimbali zilizoitegemea wakakuta kadi zao hazifanyi kazi. Wengi wao hawakuwahi kulisikia jina la Wirecard, kwani kadi ilikuwa na jina la kampuni nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kujaza hata shilingi moja, geuza kadi usome maandishi madogo ya nyuma yanayomtaja mtoaji halisi. Muuzaji wa kadi na mtoaji wake si lazima wawe mmoja. Ulizia kama mtoaji amepewa leseni na Benki Kuu ya nchi yako na fedha za wateja zinatunzwa wapi. Nchini Tanzania, Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake za fedha za kielektroniki zinataka fedha za wateja zitengwe kwenye akaunti ya amana, zisichanganywe na za kampuni. Utaratibu huo ni mzuri, ila haugeuzi kadi kuwa mahali pa kuweka akiba. Weka kiasi cha kazi iliyo mbele yako. Akiba ibaki benki.

Hatua ya sita: Fikiria historia yako ya mikopo

Kadi ya malipo ya kabla haijengi wala haiharibu historia ya mikopo, kwa kuwa hakuna aliyekukopesha. Ukiitumia miaka kumi kwa uaminifu, taasisi za taarifa za mikopo, kama vile Metropol nchini Kenya au Creditinfo nchini Tanzania, hazitakuwa na la kusema juu yako. Kadi ya mkopo inayolipwa kwa wakati huandikwa, na iliyocheleweshwa huandikwa pia. Kwa anayepanga kuomba mkopo wa nyumba, kadi yenye kikomo kidogo inayolipwa yote kila mwezi ni rekodi ya bei nafuu. Kwa aliyehamia Uingereza, Kanada au Marekani, jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu historia uliyoijenga nyumbani kwa kawaida haikufuati, na kadi ya mkopo yenye dhamana ya fedha taslimu ndiyo mlango wa kawaida wa kuanzia.

Hatua ya saba: Omba, pokea na uandae kadi

Kwa kadi ya malipo ya kabla, kwa kawaida huhitaji zaidi ya kitambulisho cha taifa au pasipoti na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Kwa kadi ya mkopo, benki itataka taarifa za akaunti za miezi kadhaa, hati za mshahara au za biashara, na huko Kenya namba ya mlipakodi ya KRA. Kisha itaangalia rekodi yako ya mikopo. Omba kikomo unachoweza kukilipa kwa mshahara wa mwezi mmoja. Benki ikikupandishia kikomo bila kuombwa, una haki ya kukataa.

Ukiipokea, badilisha namba ya siri, washa ujumbe wa simu kwa kila muamala, na uweke ukomo wa matumizi ya siku kama programu ya benki inaruhusu. Hakikisha kadi ya malipo ya kabla inakubali malipo ya mtandaoni, kwani benki nyingine huzifunga hadi mteja aombe. Anwani uliyojaza benki ndiyo utakayoiandika kwenye tovuti za nje. Zikitofautiana, malipo huweza kukataliwa ingawa salio lipo.

Kama kadi inaruhusu sarafu zaidi ya moja, jaza sarafu utakayolipia. Ukilipa bei ya euro kwa kadi ya shilingi, fedha zinaweza kubadilishwa zaidi ya mara moja, na kila badiliko lina mkato wake.

Hatua ya nane: Itumie kwa uangalifu

Ukiwa Dubai au Guangzhou, mashine ya malipo ikikuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi au kwa sarafu ya pale, chagua sarafu ya pale. Ukichagua shilingi, muuzaji ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha, na hakipangi kwa faida yako. Shauri hili ni moja kwa kadi zote mbili.

Kwa huduma za kulipia kila mwezi, watu hupenda kadi ya malipo ya kabla kwa imani kwamba salio likiisha huduma inakufa yenyewe. Malipo yatashindikana, ni kweli, lakini mkataba wa huduma unaweza kuendelea na deni likabaki kwa jina lako. Sitisha huduma kwenye tovuti yake kwanza, kisha ndipo uiache kadi tupu. Vilevile usishangae kukuta salio hasi: ada ya mwezi au nyongeza ya bili ya hoteli huweza kupita kadi ikiwa haina kitu, na ukijaza tena, fedha za kwanza zitakwenda kuziba pengo hilo.

Mwenye kadi ya mkopo aweke maagizo ya kudumu ya kulipa deni lote, yaliyopangwa siku tatu au nne kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu malipo kutoka benki nyingine au kwa simu huweza kuchelewa mwisho wa wiki na sikukuu.

Hatua ya tisa: Funga kadi usiyoihitaji

Kadi ya malipo ya kabla tumia salio lake lote au omba lirudishwe kabla ya tarehe ya kuisha muda, na uulize ada ya kurudishiwa, maana kwa salio dogo ada inaweza kulimeza. Kukata plastiki kwa mkasi hakufungi kadi. Ada ya mwezi huendelea kukatwa hadi ufunge kwa maandishi.

Kadi ya mkopo lipa deni lote, subiri taarifa ya mwezi unaofuata ili kuona kama kuna riba iliyojihesabu kati ya siku ya taarifa na siku uliyolipa, ilipe nayo, kisha andika barua ya kufunga. Omba barua ya benki inayothibitisha kwamba hudaiwi chochote, na kama uliweka amana ya dhamana, barua hiyohiyo itaje tarehe ambayo amana itaachiliwa. Miezi miwili baadaye, omba ripoti yako kwa taasisi ya taarifa za mikopo na uhakikishe kwamba kadi hiyo inaonekana imefungwa bila deni.